Siku Mama Wairimu Alinisifu

Leo nimesifiwa kazini mara ya kwanza, na ndiyo siku nimeharibu kabisa.

Ushirika wetu wa maziwa uko na seva mbili, kompyuta za kuweka rekodi za maziwa ya wakulima. Kubwa iko Nyeri, na kila tawi huandikia hiyo kupitia mtandao. Ya akiba iko tawi la Mweiga. Kazi yake ni kunakili tu yaliyo Nyeri.

Asubuhi nikaambiwa niitoe ya Mweiga kwenye kunakili, inaenda kurekebishwa. Nikaitenganisha. Nikamimina chai.

Simu ikalia. Mama Wairimu, karani wa Mweiga, ambaye hunipigia kulalamika tu.

"Kijana yangu, leo umefanya maajabu! Nikiandika maziwa inaingia hapo hapo. Mungu akubariki!"

Chai ikanishinda.

Niliitenganisha, lakini sikuizima. Ikajiona sasa ni mkubwa. Ikaanza kupokea maziwa yote ya Mweiga yenyewe, hapo hapo bila kungoja mtandao, na huku Nyeri hakuna hata tone.

Nimeshinda nikihamisha maziwa ya watu, mkulima mmoja mmoja. Mgongo umekataa. Macho ni kama yamepakwa pilipili.

Nimemaliza sasa hivi. Mweiga inaandikia Nyeri tena, polepole kama kawaida.

Mama Wairimu kapiga.

"Kijana yangu, imerudi ile ya zamani. Si ufanye tu ile kitu ulifanya asubuhi?"

Jamani, nimwambie ukweli?

Jibuni haraka. Jumapili anatoa ushuhuda kanisani juu yangu, na ati nikae kiti ya mbele.