Chumvi Mlangoni kwa Nkambo

Mama yangu alipiga marufuku neno moja nyumbani kwetu, nalo ni "lini". Ungeweza kuuliza lini tutakula, au lini shule zitafungwa, na usijibiwe vibaya. Lakini mazungumzo yakishaelekea Ganshoren, kwenye ile nyumba ya matofali mekundu yenye mlango wa kijani, "lini" iligeuka tusi. Nimewahi kula kofi kwa ajili yake. Mpaka leo nikimuuliza mtu miadi ya kawaida, shavu la kushoto linapata joto.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Laeken, mjini Brussels, ghorofa ya tatu, kwa mwenye nyumba asiyependa harufu ya samaki wetu wakavu wala nyimbo za mama za alfajiri. Papa alikuwa mlinzi kwenye ofisi moja karibu na kituo cha Schuman, mama alisafisha ofisi nyingine upande uleule. Wenzetu wengi kutoka Lubumbashi walikuwa wakijenga kule nyumbani, majumba ya kupendeza ambamo wanalala wajomba. Mama hakutaka. Alisema nyumba ni pale unapoweka kichwa usiku, ile nyingine ni picha ya kuwaonyesha wageni.

Siku moja papa akarudi kazini na habari. Tulikuwa mezani, mimi, wao wawili na mdogo wangu, na nikamwona papa anajikuna shingo, dalili kwamba habari yenyewe si nyepesi.

"Bon," akasema. "Nyumba iko. Ya mama mumoja muzee, mujane, hana mutoto. Tutamulipa kidogo-kidogo, na yeye anabakia mule ndani."

"Mpaka lini?" mama akauliza.

"Mpaka... enfin. Mpaka Mungu atamuita."

Mama akaweka kijiko chini. "Donc tuikale tunangoya muntu afe, njo tuingie?"

"Inaitwaka viager. Bazungu banafanyaka. Ni kitu ya kawaida kwabo."

"Kwabo. Kwetu ile kitu iko na jina ingine."

Jina lenyewe hakulitaja, na hakukuwa na haja. Kwetu mtu anayefaidika na kifo cha mwenzake hupewa jina moja tu, na jina hilo likishakupata halitoki kwa sabuni. Papa akajaribu kumwambia subira yavuta heri. Mama akamuuliza ni heri gani hiyo inayovutwa na jeneza, papa akamalizia ugali wake.

Hata hivyo walikwenda kuiona, na mimi nikachukuliwa. Aliyetufungulia ni bibi mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana, amevaa sweta la kiume linalomfika magotini. Kifaransa chake kilikuwa cha mashambani, cha kukokota maneno. Alitumiminia kahawa, akamtazama mama aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba radhi, akasema, "Usione haya, mama. Mimi wazo la kufa nimekwisha lizoea. Ni ninyi ambao bado."

Kisha akatueleza kwa nini alitaka kuuza kwa njia ile, na kwa watu wenye watoto. Alizaliwa kijijini kwenye vilima vya Ardennes, mahali ambapo mtoto alijua kuteleza kwenye theluji kwa ski kabla hajajua baiskeli. Nyumba yao ilijengwa na babu yake kwa mawe. Wazazi walipokufa, yeye na ndugu zake waliiuza kwa watu wa mjini waliotaka mahali pa kuja kuteleza. Jirani akauza, na mwingine akauza. "Theluji ikianguka Ijumaa, magari yanajaa mpaka kanisani," alisema. "Jumapili jioni wanafunga madirisha wanaondoka. Nilikwenda huko Jumanne moja ya baridi kuzuru kaburi la mama yangu. Giza lilipoingia, mtaa niliozaliwa haukuwa na taa hata moja. Hata moja." Akazungusha kikombe chake. "Mimi nataka nyumba yangu iwe na taa siku ya Jumanne. Hilo tu."

Papa alitikisa kichwa kukubali. Mama hakutikisa. Lakini tulipokuwa kwenye basi la kurudi alisema, "Ile nyumba iko na baridi. Muntu mumoja hawezi kuipatisha moto." Papa alijua kwamba amekwisha kubaliwa, na kwamba akifungua mdomo ataharibu.

Baada ya karatasi kutiwa sahihi, mama alitukusanya akatupa sheria zake. Hakuna kusema "nyumba yetu". Tutasema "kwa Nkambo", kama wajukuu wowote wasemavyo kwa bibi yao. Na hakuna mtu wa kuuliza lini. Kila jioni, katika maombi, Nkambo alitajwa kabla yetu sisi: apewe pumzi, apewe miguu, apewe miaka. Papa alisema amina kwa sauti kuliko wote, sijui kwa imani au kwa kuogopa kusikika akisema polepole.

Tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Mama alibeba sombe, majani yetu ya muhogo, kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, na Nkambo aliila kwa uma, akasema ni mchicha uliokwenda shule. Alitusimulia mtaa wake ulivyokuwa mashamba ya mboga alipoletwa pale akiwa bibi harusi, na jinsi alivyolia mwaka wa kwanza kwa kukosa theluji ya kweli, maana theluji ya Brussels, alisema, ni mvua iliyojisahau. Nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu wakati ule ilikuwa vigumu kulisema bila mtu kukutazama mara mbili.

Theluji ya kweli ilipoanguka kwa mara ya kwanza tukiwa kwake, alishuka chumba cha chini ya nyumba akarudi na ski zake za mbao, ndefu kunipita, zinanuka nta. Akatupeleka kwenye mteremko wa bustani ya jirani. Watoto wa mtaa wote walikuwa pale na masinia na mifuko ya plastiki, na yeye akanifunga yale mambao miguuni. "Kunja magoti," akaniamuru. "Usigombane na mteremko, utashindwa." Niligombana nao. Nilianguka kifudifudi mbele ya mbwa wa mtu, mbwa akanilamba, na mama aliyekuwa amesimama juu amekunja mikono ndani ya koti alicheka mpaka akashika mti. Nikifikiria furaha ya utoto wangu, inaanzia hapo: theluji ndani ya kola, na mama anacheka.

Sasa, Brussels mtu huwajibika kusafisha njia ya miguu iliyo mbele ya mlango wake. Nkambo mgongo ulikuwa umeanza kukataa, kwa hiyo papa alikwenda na beleshi lake, ndani ya basi, amevaa sare ya ulinzi, na abiria wakimpisha kwa heshima wasiyoielewa. Yeye alizoa theluji, na mama alimwaga chumvi ili barafu isishike. Chumvi ni jambo la kawaida kabisa mjini huku. Kila mtu humwaga.

Kila mtu, ila wale waliofika juzi. Msimu mmoja wa baridi kali, mwishoni mwa muongo ule, maman mmoja wa kanisani kwetu alikuwa amekuja kutoka Lubumbashi kukaa na binti yake hukohuko Ganshoren. Asubuhi moja alikuwa anapita, akamwona mama yangu peke yake, ameinama mlangoni kwa kizee wa kizungu, anatupa chumvi huku na huku, na midomo inacheza. Midomo ilikuwa inacheza kwa sababu mama haamki bila kuimba. Lakini kanisa zima lilijua habari za ile nyumba, na chumvi mlangoni mwa mtu ambaye kifo chake ni faida yako, haya, na wewe ungefikiria nini?

Lisemwalo lipo, walisema. Kufikia Jumapili lilikuwa lipo, limekaa mstari wa mbele. Watu walimsalimia mama kwa ncha za vidole. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kina mama, na siku ile aliambiwa kwa upole kwamba anaonekana amechoka, apumzike kidogo.

Alirudi nyumbani, akaitupa pakiti ya chumvi nyuma kabisa ya kabati. "Mi sirudie tena kule," alisema. "Ashikwe na Mungu wake. Jina yangu siuzishe juu ya nyumba." Nilikasirika kwa niaba yake kiasi kwamba nilitaka kwenda kumtukana yule maman kwa binti yake. Hasira hiyo bado ninayo kidogo, naitunza.

Juma lile papa alikuwa zamu mfululizo. Theluji ikaanguka tena, ikayeyuka, ikaganda. Asubuhi barabara yetu iling'aa kama sahani iliyooshwa. Mama alisimama dirishani na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

"Maman," nikasema, "Nkambo anatokaka asubuhi kununua mukate."

"Nyamaza."

Lakini nilimwona usoni alichokuwa anakipima. Akienda kumwaga chumvi, ataitwa mchawi. Asipokwenda, na yule bibi akateleza akavunjika nyonga na kufa, nyumba itakuwa yetu siku hiyohiyo, naye atajua moyoni kwamba safari hii wamemwita kwa haki. Aliogopa. Sikuwahi kumwona mama ameogopa kabla ya hapo, hata wakati wa kukimbizana na karatasi za ukaaji. Akalivuta koti, akatumbukiza mkono nyuma ya kabati, tukashuka ngazi mbiombio.

Tulipofungua mlango wa chini, Nkambo alikuwa amesimama pale nje, kidole kinatafuta kengele yetu. Juu ya viatu vyake alikuwa amevaa soksi nene za sufu za kiume.

"Kwetu ndivyo tunavyotembea kwenye barafu," akasema alipotuona tunazikodolea macho. "Mbona hamkuja? Nilidhani mmekufa."

Mama alikaa kwenye ngazi akaanza kulia. Alimweleza yote, kwa Kifaransa kilichokuwa kinakatikia kwenye Kiswahili, na mimi nikitafsiri vipande: chumvi, kanisa, kwaya, lile jina. Nkambo alisikiliza hadi mwisho, halafu akacheka. Alicheka mpaka ikabidi nimshike mkono. Kisha akaketi ngazi ileile, soksi zake zinatoa maji.

"Kijijini kwetu ilikuwa majivu," alisema. "Anayemwaga majivu mlangoni kwa mjane wakati wa baridi, siku ya mazishi anatembea na familia, nyuma tu ya jeneza. Hata kama si ndugu. Waache waseme." Akamgeukia mama. "Na ukimwaga, unaniombea nini?"

"Uishi," mama akasema.

"Basi ndiyo maana sifi! Nyumba yako unaichelewesha mwenyewe."

Mama alimtazama kwa mshtuko, maana hakuna aliyewahi kumtamkia hivyo. Kisha kicheko kikamponyoka, na machozi bado yapo. Tulikwenda wote watatu Ganshoren, tukamwaga chumvi mchana kweupe, na mama akaimba kwa sauti ili anayetaka kusikia asikie maneno.

Nkambo aliishi. Aliishi mpaka nikamaliza sekondari, mpaka mdogo wangu akaota ndevu, mpaka papa nywele zikamwishia. Kwaya ilimrudisha mama kidogokidogo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kushika noti za juu. Yule maman hakuomba msamaha. Alianza tu kumsalimia kwa mkono mzima.

Nkambo alifariki Januari moja ya baridi kavu, kitandani mwake. Mama ndiye aliyemkuta. Na mama akaamua kwamba matanga yatafanyika palepale, kwake, kama ya mtu wetu yeyote. Tulisukuma viti jikoni, tukatandika magodoro sakafuni. Mpwa wake pekee alikuja kutoka Ardennes, akaketi kwenye godoro na sahani ya sombe mapajani, akitazama kina mama wa kanisa wakiimba kwa ajili ya shangazi yake, na sikumlaumu kwa kupigwa na butwaa. Siku ya mazishi alimshika mama kiwiko akamweka kando yake, nyuma ya jeneza. Hatukuwa tumemwambia lolote.

Jioni ile yule maman alikuja wa mwisho. Hakuingia. Alikitazama kizingiti, ambapo barafu ilikuwa imeanza kushika, akaniuliza, "Chumvi iko wapi?" Nikamletea pakiti iliyokaa nyuma ya mlango. Akainama na magoti yake mabovu, akaimwaga kuanzia mlangoni hadi barabarani, taratibu, ili watu wasianguke. Mama alimwona kupitia dirishani. Alikwenda jikoni akaanza kukoroga sufuria iliyokuwa tupu.

Watu walipokwisha ondoka, tulibaki sisi wenyewe katika kile chumba. Magodoro yalikuwa yamekunjwa, ski za mbao zimeegemea ukutani. Papa alitazama dari, akatazama sakafu, akajikuna shingo. Hata saa ile hakuthubutu.

Mama akaketi kwenye kiti cha Nkambo, kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Bon," akasema. "Tutaingia lini?"

Kisha akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, na papa akamwacha alie mpaka akatulia.

"Jumanne," papa akamjibu.