Mlima wa Magazeti

Mjukuu wangu nilikuwa namwita mke mwenzangu. Kwetu Ifakara ndivyo ilivyo, bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, mnatupiana maneno mnavyotaka na hakuna wa kununa. Mume wetu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo tulikuwa tunagombania marehemu. Mtoto huyu Kiswahili anaelewa chote ila anajibu Kiingereza, tena cha puani. Nikimuiga anafunga mlango wa chumba chake, halafu namsikia anacheka huko ndani.

Siku moja akaja na kazi ya shule, atengeneze mfano wa nchi ya Japani ya zamani, ya enzi za mabwana wenye panga. Nyumba yetu ya Auburn, huku ughaibuni, sebule ni ndogo, tukasogeza makochi. Mimi sijasoma, lakini kukoroga uji wa ngano najua, na ndio ulikuwa gundi yetu. Tukachana magazeti, tukalowesha, tukajenga milima. Milima tu, kila mahali. Nikamuuliza, mke mwenzangu, hawa watu watakaa wapi? Akanionyesha kibonde kando ya bahari, upana wake kama kanga iliyokunjwa. Huko ndiko walikobanana wote. Huko ndiko walikolima mpunga, na ukishavunwa unapandishwa ngomeni kwa bwana, aliyelima anarudi kula ulezi. Nikasema basi hao ndugu zangu. Nikamchorea majaruba ya mpunga kwa kidole, la juu linamwagia maji la chini.

Ndipo akanisomea habari ya mlima wa wazee. Mwaka wa njaa, bibi akishakuwa mdomo tu wa kulishwa, mwanawe anambeba mgongoni mpaka juu, anamwacha kwenye theluji, anashuka peke yake. Mwalimu wao kasema labda ni hadithi tu, haikutokea. Nikamwambia hadithi haianzi bila mtu kubebwa.

Unga uliobaki nikaufinyanga kibibi, nikakipachika kileleni. Toka hapo ukawa mchezo wetu. Napinda mgongo, natoa sauti nyembamba ya kibibi: "Nibebe mwanangu, mlima si mbali." Mwenzangu anacheka mpaka anakaa chini. "Bibi, stop," anasema. Siachi.

Mwanangu ni nesi huko Westmead, mkewe naye kutwa yuko kazini. Siku zilezile niliteleza bafuni, nikalala kwenye vigae mpaka mtoto aliporudi shule. Basi akaja mama mmoja wa ofisi ya mambo ya wazee, ana sauti kama anabembeleza paka. Akakaa kwenye kochi, mlima wetu uko mezani mbele yake. Anauliza, mwanangu anatafsiri.

"Mama, anataka kusikia kwako mwenyewe. Ubaki hapa, au kuna nyumba ya wazee kule Campbelltown, manesi wapo saa zote."

Jibu nilikuwa nalo. Nataka kubaki, mwanangu, na kama ni kuanguka niangukie kwako. Lakini mke mwenzangu alikuwa amekaa mkabala wangu, mdomo unamcheza, kilio kiko karibu. Nikaona nimchekeshe kwanza. Nikamgeukia, nikapinda mgongo.

"Nibebe mwanangu, mlima si mbali."

Hakucheka.

 Mwanangu yeye, tukicheza hakuwepo. Na kwetu mama na mwana hawana utani, mama akisema kasema. Machozi yakamlengalenga, akamwambia yule mama kwa Kiingereza kuwa nimekubali. Hicho nilikielewa.

"Baba, Bibi anatania," mtoto akasema. Kwa Kiswahili, safari hii.

Mwanangu akanishika mkono. "Unatania, mama? Mie nilikuwa sijui hata nitakuanzaje."

Nikamwangalia mabega. Yalikuwa yameshashuka, kama mtu aliyetua gunia, na sasa yalikuwa yanaanza kupanda tena.

"Sitanii," nikasema.

Sasa niko huku. Chumba ni kisafi, dirisha linatazama magari. Namuiga nesi wa asubuhi anavyoniamsha, kama mimi ni kiziwi. Namuiga mzee wa chumba cha pili anayemwita mbwa wake aliyekufa. Nawapata sawasawa. Wananitazama, wananiwekea blanketi magotini.

Jumapili wanakuja. Mwenzangu siku hizi ananiita Bibi tu, na nikianza kumchokoza anaomba ufunguo, anaenda kukaa kwenye gari. Mlima ulipata maksi nzuri shuleni, halafu ukaota ukungu, wakautupa. Uji wa ngano hauwekeki. Niliuliza kibibi kilienda wapi, mtoto akaangalia viatu vyake.

Juzi alikuja baba yake peke yake. Alinikata kucha, akanimenyea chungwa, akakaa na ganda mkononi.

"Umezoea, mama?"

"Nimezoea."

Nje jua lilikuwa linazama, na mpaka Auburn ni mbali.

"Teremka, mwanangu," nikamwambia. "Giza lisikukute njiani."

Nilitaka itoke kwa sauti ya kibibi. Ikatoka yangu. Akaniinamia, akanibusu kichwani, akaenda, na mlango akaufunga polepole kama anavyofungiwa mtu aliyelala.