Mnyororo Uliokazwa Mno

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama vile ni jana. Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu mwenyewe bado ni za kuombea. Aliyetangulia kujikwaa ndiye humwonyesha mwenzake jiwe.

Mama mukubwa, dada ya mama yangu, miguu ilikuwa imemkataa, na binti yake anaolewa Jumamosi. Njia ya kanisani kwetu hapa Rubavu ni mawe meusi ya volkano, kiti cha magurudumu hakipiti. Kubebwa alikataa. "Mi si gunia ya viazi," alisema. "Nitafika nimekaa kama mama ya bibi arusi, ao nitabaki."

Nikawaza vifaru vyepesi vya vita vya zamani, ambavyo nilizoea kutazama picha zake kwenye simu. Vita sivipendi, lakini miguu ya vile vidude, jamani, ni akili tupu. Magurudumu madogo mawili yanashikwa na mkono mmoja wenye springi: la mbele likipanda jiwe, la nyuma linashuka, na mwili unatulia. Basi nikaunda kiti cha kusukumwa cha namna hiyo, mnyororo unaozunguka magurudumu yake ukiwa vipande vya tairi. Ila ile mikono na springi niliona ni kujisumbua. Nikachomelea magurudumu moja kwa moja kwenye chuma, nikakaza mnyororo mpaka ukiugusa unaimba.

Siku ya kukijaribu, jiwe la kwanza tu, mnyororo ukachomoka. Mama mukubwa tulimdaka akiwa anaanguka.

Mzee Saidi, fundi wa springi za malori kule Rubona, alikuja, akainama, akagonga mnyororo kwa kidole.

"Petit, hii haiimbe, iko inalia. We nikufunge magoti, utapanda jiwe?"

Akanikumbusha kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Mnyororo ukilegea mno unatoka, ukikazwa mno unatoka vilevile. Tukakata chuma, tukaweka mikono, tukatia springi za pikipiki.

Jumamosi magurudumu yalipanda na kushuka juu ya mawe kama vidole vinavyokanda unga, na mama mukubwa juu yake ametulia, mushanana wake, lile vazi la sherehe, haujakunjamana. Binti alipomwona mlangoni, alisahau kwamba bibi arusi hatakiwi kukimbia.

Mwanangu, unayempenda mshike, lakini muachie nafasi ya kupumua. Anayeinama kidogo si mnyonge. Ndiye anayefikisha watu. Mungu akulindie mikono yako, na wote utakaowabeba wafike wakicheka.