Laini Mbili za Mtandao pale Bunda

Siku ile ya Bunda, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asinisikie. Nilikuwaga fundi kijana wa kompyuta kwenye chuo kimoja pale, natokea Butiama, kichwa kimejaa cheti. Kompyuta zetu zote zilipitia mashine moja, tuliiita proksi, ndiyo inayokwenda mtandaoni kwa niaba ya wote. Kwa kuwa mtandao ulikuwa unakatikakatika, tukaongeza laini ya pili, proksi ikawa inazitumia kwa zamu. Tukajipongeza kweli.

Basi akaja Neema, binti wa wavuvi wa Kibara, kuomba mtandaoni nafasi ya kusomea uuguzi. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile ile. Anaweka paswedi, tovuti inampokea. Akifungua ukurasa wa pili, inamrudisha mwanzo aingie upya. Nikamwambia amekosea paswedi. Nikafuta kuki, nikazima kompyuta, nikawasha. Wapi! Machozi yakaanza kumlengalenga, na mimi bado namlaumu yeye.

Ndipo akaingia Mama Nyangeta, mkuu wetu, mama mtu mzima wa kule Nyakato, Musoma. Yule mama nimemvulia kofia mpaka leo. Hakugusa kompyuta. Alimsalimia binti, akauliza habari za nyumbani na kama dagaa wanapatikana. Moyoni nikasema, huyu naye anatupotezea muda. Kumbe katika kuongea hivyo binti akatulia, akasema wenzake nao wanatupwa nje tangu jana. Mimi sikuwa nimemuuliza.

Mama akanigeukia taratibu. "Paswedi za wote zimeharibika siku moja? Jana mlibadilisha nini?"

"Laini ya pili, mama."

"Ichomoe."

Nikaichomoa. Neema akaingia, akajaza, akatuma, akalia tena, safari hii kwa furaha. Kuki, mwanangu, ni alama ambayo tovuti inakupa ili ikutambue, kama kikadi cha mlinzi getini. Tovuti ile iliangalia pia unatokea laini gani. Laini ikibadilika, inakuona mgeni, inaitupa alama yako. Mshika mbili moja humponyoka. Baadaye tuliirudisha ile laini, ila kila mtu akawa anabaki na moja mpaka amalize.

Kwa hiyo shika hili. Mtu akikujia na shida, usianze kutafuta kosa lake. Kuuliza si ujinga: uliza ilianza lini, uliza nini kilibadilika. Kisha gusa kitu kimoja, utazame. Ukigusa vyote kwa pamoja, hata mambo yakikaa sawa hutajua dawa ilikuwa ipi.

Neema leo ni muuguzi Musoma. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa akiwa kimya, hapumui, na mikono ya Neema ndiyo iliyomrudisha. Mungu akujalie subira ya Mama Nyangeta, mwanangu, na akuongoze kwa kila atakayekujia.