Alasiri Tata Alipoleta Chupa

Juzi huko Ruiru muuguzi alimwambia binti yangu kwamba ni kawaida mtoto wa wiki mbili kutaka kunyonya karibu kila saa. Nikamkumbuka mama.

Tulikuwa Thika, alasiri ya joto, nyumba ikinuka maziwa yaliyochacha na nepi mbichi. Ndugu yangu mchanga alinyonya, akasinzia kidogo, akalia tena. Tata, dada yake baba, aliingia na chupa ya maziwa ya ng'ombe.

"Matiti yako yamekauka," alimwambia mama. "Unaua mtoto wa ndugu yangu."

"Toka kwa nyumba yangu!"

Nilimwamini Tata. Nilidhani mtoto aliyeshiba halii. Nikainyakua ile chupa, nikamsukumia mtoto mdomoni.

"Wewe ni mchoyo," nikamwambia mama.

Mama alinizaba kofi, kisha akayamwaga maziwa miguuni mwa Tata. Tata aliondoka akilaani, na hakukanyaga kwetu tena. Mama akaketi kumnyonyesha mtoto huku akilia. Mimi nilikaa kwenye kona nikimtazama kwa chuki, nikingoja ndugu yangu afe.

Hakufa. Alilala, akaamka, akalia, akanyonya tena.