Baba Kwenye Geti la Mgodi

Kampuni iliyoniajiri ni kubwa mno. Inachimba shaba bara moja, chuma bara jingine, na hapa Ngara inatafuta nikeli. Kazi yangu mimi ni ndogo. Mashine ikitoboa ardhi na kutoa vipande virefu vya mwamba, navisafisha, navipanga kwenye masanduku na kuandika vimetoka kina gani. Naipenda kazi hiyo hadi najishangaa.

Baba aliielewa nusu. "Huko kwingine wanakochimba, wana migomba?" aliniuliza. Nikasema sijui. Akawahurumia mabosi wangu.

Yeye ndiye mtengenezaji wa pombe ya ndizi anayesifika kijijini kwetu, upande wa Rulenge. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha haina sumu, ndipo amkabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Kukikataa ni kumkataa yeye. Na kila Jumapili nikirudi nyumbani, mgeni wa heshima ni mimi. Lakini getini, kila asubuhi, tunapuliza kipimo cha pombe. Kikilia unarudishwa nyumbani. Kikilia tena, kazi huna.

Nilipomweleza alinuna mpaka mama akamcheka. Kisha akaja na dawa yake. Jumapili jioni alikamua juisi ya ndizi, tamu, isiyotiwa mtama wa kuchachusha. Alfajiri akaonja, akanipa, nikanywa yote kwa furaha. Getini kipimo kikalia.

Juisi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kibuyu, kilichonyonya pombe miaka na miaka, na juisi ikalala humo usiku kucha. Baba asingeweza kumpa mwanawe kinywaji kwenye jagi la plastiki.

Nilirudi nyumbani nimefura. "Baba, Jumapili nitakuwa nabaki kambini mgodini." Alikwenda kukaa migombani peke yake, na moyo ukaniuma kumwona.

Mwisho wa wiki akanipigia simu: "Njoo tu, binti yangu, hata usiponywa." Nikaenda. Alfajiri ya Jumatatu nikamsikia anakamua. Alikuja na jagi jipya la plastiki, la kijani, karatasi ya dukani ingali imebandikwa. Akaonja, akanipa kwa mikono miwili. Niliogopa, lakini nilikunywa. Kisha akavaa koti lake la kanisani, tukapanda bodaboda mshikaki, yeye nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee," alisema mlinzi getini. "Wewe si mfanyakazi, hupulizi."

"Marahaba. Kinywaji alichokunywa ni changu. Kwetu mwenye kinywaji anatangulia."

Foleni nzima ilicheka. Mlinzi akabadilisha mrija, akamshikia kipimo. Baba akapuliza kama anayewasha kuni mbichi. Kikanyamaza. Mtu huyu ambaye Jumapili bila kibuyu kwake si Jumapili! Hapo ndipo nilipojua kwamba jana yake hakugusa pombe hata tone, nami nikampenda zaidi.

Nikapuliza. Kikanyamaza.

Wenzangu wakapiga makofi. Baba hakuwatazama, wala hakuyatazama malori ya kampuni yaliyokuwa yakiingia. Alinishika mkono.

"Sasa Jumapili utakuja?"