Kijisanduku cha Bibi Hana

Sikwenda London kutembea. Nilikwenda kumtoa binti yangu katika nyumba ya Myahudi. Barua yake ilifika Mombasa siku ya Ijumaa: amepata chumba kwa bibi mmoja, Myahudi, mtu mwema. Kosa langu ni kumpa jirani anisomee, maana shule niliiacha kabla haijanizoea. Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa umenielezea Wayahudi walivyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaona. Nami, kwa busara zangu nyingi, nikasadiki.

Kabla ya safari, nijulikane. Mimi ni seremala. Nyumba yangu ya Unguja niliijenga mwenyewe, na mlango wake niliuchonga mwaka mzima. Yalipokuja mapinduzi nikavuka na patasi tatu na mtoto mmoja, Salma, aliyekwisha kufiwa na mama. Mombasa nilianza kwa kuchonga mbuzi za kukunia nazi, nikapanda mpaka milango ya wakubwa, nikampeleka Salma London kusomea unesi. Sikubebwa na mtu.

Ndegeni nilipewa mkate ambao ningekuwa na msumeno ningeukata. Basi.

Heathrow, asubuhi. Salma alinipokea ndani ya koti lililommeza. "Shikamoo, baba." Nikaitika marahaba, na papo hapo nikamwambia afunge mizigo yake, nitamtafutia chumba kwingine. Hakubisha. Tukiwa ndani ya basi, huku anatazama dirishani, akanieleza kwamba huko kwingine amekwisha kufika. Hounslow, Hayes, Peckham, amebisha milango mpaka vidole vikauma. Kila chumba kilikuwa wazi kwenye simu, wakimwona uso kimeshapata mtu. Kumebaki miezi minne afanye mtihani wa mwisho. Akikosa pa kulala, na cheti amekikosa.

Mambo ya mizigo nikayaacha. Siyo kwamba nimekubali. Nilikuwa nasikia baridi.

Nyumbani kwa Bibi Hana, mchana. Bibi mdogo, mshona nguo, macho makali kama sindano zake. Jambo la kwanza alilomwagiza Salma aniambie ni kwamba nile bila wasiwasi, nyama ya nguruwe haiingii jikoni mwake. Hilo wajuzi wa mtaani walisahau kunieleza.

Siku ya pili. Salma yuko hospitali, bibi yuko sokoni, nami sijui kukaa bure. Nikaenda kukagua mlango wa mbele. Kwenye mwimo, ubao wa ubavuni mwa mlango, upande wa kulia, usawa wa bega, nikaona kijisanduku cha shaba, urefu wa kidole, kimefungwa kwa skrubu, kimeinama upande. Nikamhurumia bibi. Mwanamke hana mume, kafanyiwa kazi na kipofu. Nikatoa bisibisi, nikakifungua, nikateremsha uzi wa timazi, nikakifunga wima hata malaika angeridhika. Nikasimama kungoja shukrani.

Bibi Hana akarudi na kikapu cha vitunguu. Alipofika mlangoni mkono ukapanda wenyewe kukigusa, ukakosea. Akatazama. Akaweka vitunguu chini, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Salma alipofika na kuona, alishika ukuta. "Baba, umefanya nini?"

"Nimenyoosha."

"Ndani mna maneno ya Mungu. Kinainamishwa makusudi."

Nilikuja kumtoa binti yangu katika nyumba ile. Haya, nikaona nimefanikiwa.

Wakati wa chai bibi akatoka. Alizungumza polepole, Salma anatafsiri. Kwao ni Vienna. Alikuwa na miaka kumi na sita Wayahudi walipokuwa wakiwindwa. Baba yake alikifungua kijisanduku kile mlangoni, akamtilia mfukoni, akamsafirisha peke yake kuja London kupiga deki nyumba za watu. Waliobaki wote waliuawa, baba yake pia. Halafu akaniuliza, maana Salma alikwisha kumsimulia, "Na wewe, nyuma ya mlango wako wa Unguja sasa yuko nani?"

Watu wameniuliza mengi. Hilo hakuna aliyeniuliza.

"Sijui," nikasema.

"Nami wa Vienna sijui," akasema.

Kuomba radhi sikuzoea. Nikauliza kwa nini kiinamishwe. Akaeleza kwamba wanazuoni wao wa kale walibishana, huyu kisimame, huyu kilale, wakapatana kiinamishwe.

"Kumbe ugomvi wa mashekhe," nikasema. Salma alipotafsiri, bibi akacheka mpaka akakohoa.

Basi nikakifungua tena. Yeye anakishika, mimi nazungusha bisibisi. Kila nikifikiri kimetosha, anaonyesha kwa kidole: bado, inamisha. Mkono wangu ulikuwa unakataa. Matundu ya skrubu niliyoyatoboa nikayaziba kwa vijiti na nta. Akakigusa, akabusu vidole, akamgeukia Salma.

"Mwambie baba yako chumba ni chako mpaka umalize masomo. Lakini asiguse kitu kingine."

Mombasa, kurudi. Barazani walikuwa wamejipanga kunipokea. Binti yuko wapi? Nikawaambia nimemwacha kwa Myahudi, naye hawezi kuwa mahali pema zaidi. Mmoja akajikaza: wakoje?

"Wanachagua sana mafundi," nikasema, nikaenda zangu.

Mlango wangu wa Mombasa ulikuwa mbao tupu miaka kumi. Milango ya watu wote nilichonga, wangu nikauacha, ati mimi ni mpita njia, nitarudi Unguja. Asubuhi iliyofuata niliutoa kwenye bawaba, nikaulaza uani, nikanoa patasi.